Leseni ya kuzalisha mbwa England na mipaka ya wakaguzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu England. Wales na Uskoti zina kanuni zao, na tumezitaja pale ambapo tofauti inaweza kumponza mtu. Yameandikwa kwa ajili ya wanaozalisha mbwa nyumbani, wanaotaka kununua, na wale ambao mkaguzi ameshawapigia hodi. Jambo moja tunalisisitiza tangu mwanzo: utaratibu wa kisheria haumlindi mwenye mbwa peke yake. Kesi iliyoharibiwa na mkaguzi aliyeingia pasipo ruhusa inaweza kuvunjika mahakamani, na mbwa wakarudishwa kule kule walikoteseka.

Ni wakati gani ninahitaji leseni?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2018, kanuni za leseni zilizotungwa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 zinamtaka awe na leseni ya halmashauri kila anayezalisha mbwa hadi majike wake wakazaa mara tatu au zaidi ndani ya miezi 12 yoyote. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa mara tano. Zingatia neno "yoyote": hesabu haianzi Januari. Jike mmoja akizaa Machi, wa pili Agosti na wa tatu Februari inayofuata, umeshafikisha tatu, hata kama kila mwaka wa kalenda ukiutazama peke yake unaonekana uko salama.

Ukiweza kuthibitisha kwamba hukuuza hata mtoto mmoja, hesabu hiyo haikufungi. Kwa upande wa pili, anayezalisha mbwa na kutangaza biashara ya kuwauza anahitaji leseni hata kama majike wake wamezaa mara moja au mbili tu. Halmashauri hutazama dalili za biashara: matangazo ya mara kwa mara, faida, ada ya kupandisha. Kipato cha mauzo kikizidi £1,000 kwa mwaka, jiandae kuulizwa maswali.

Jike wangu amepandwa bila mimi kutaka. Nimevunja sheria?

Hapana, kuzaa mara moja bila kupanga si biashara. Ila yapo mawili yanayokuhusu hata bila leseni. Kwanza, wajibu wa kumtunza kwa mujibu wa kifungu cha 9 cha Sheria ya 2006: mahali panapomfaa, chakula kinachomfaa, nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili, kukaa na wenzake au mbali nao kadiri anavyohitaji, na kinga dhidi ya maumivu, majeraha na maradhi. Pili, chipu, yaani kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Tangu tarehe 6 Aprili 2016 kila mtoto wa mbwa lazima awekewe chipu kabla ya kutimiza wiki 8, na jina la kwanza kwenye rejesta liwe la mzalishaji mwenyewe. Usimwachie mnunuzi kazi hiyo.

Leseni inaombwaje?

Unaomba kwenye halmashauri ya eneo unakoishi. Peleka maombi angalau wiki 10 kabla ya kuanza, au kabla ya leseni ya zamani kuisha. Wengi hukwama hapa: leseni inakwisha, maombi bado yako mezani, watoto wanauzwa, na tayari ni kosa. Ada hupangwa na kila halmashauri kulingana na gharama zake za kushughulikia maombi na kukagua, kwa hiyo hutofautiana sana, na ada ya daktari wa wanyama kwa kawaida humwangukia mwombaji.

Kwa mwombaji wa mara ya kwanza, mkaguzi lazima afuatane na daktari wa wanyama. Mkaguzi naye anatakiwa awe amesomea kazi hiyo na kupata cheti cha ngazi ya 3 kinachotambuliwa. Una haki ya kumwomba akuonyeshe kitambulisho na uteuzi wake kabla hajaanza.

Mkaguzi akifika anatazama nini hasa?

Mkaguzi mzuri haanzi na mafaili. Husimama kwanza mbali kidogo na kuwatazama mbwa kabla hawajamzoea: nani anajificha, nani anazunguka mahali pamoja bila kukoma, mlango gani umetafunwa kwa ndani. Halafu huinama mpaka usawa wa pua ya mbwa, kwa sababu harufu kali ya mkojo haiwi sawa huko chini na kwa mtu aliyesimama. Hugusa mbavu na uti wa mgongo ili kupima unene kwa kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 4 au 5 ndio mwili mzuri. Hutazama kucha, meno, masikio, na manyoya yaliyosokotana nyuma ya masikio na kwapani.

Kisha huja kifaa cha kusoma chipu. Namba ya tarakimu 15 hulinganishwa na kumbukumbu zako, mbwa mmoja mmoja. Hapo ndipo udanganyifu mwingi huumbuka: jike aliyeandikwa kuwa amezaa mara moja tu, lakini chuchu zake zimelegea na kuning'inia kama za aliyenyonyesha mara nyingi, na tumboni ana makovu mawili ya upasuaji.

Sehemu ya kuzalia hukaguliwa kwa makini zaidi. Kanuni zinataka joto liwe kati ya nyuzi 26 na 28 za Selsiasi, na pawepo mahali ambapo mama anaweza kulikimbia joto. Sababu ni kwamba mtoto wa mbwa hawezi kujipasha joto vizuri katika wiki zake mbili za kwanza, ilhali mama yake kwenye joto hilo hilo huhema na kuacha kunyonyesha. Kosa la kawaida ni kutundika kipimajoto ukutani. Kiweke chini walipolala watoto, kisha watazame wenyewe: wakirundikana juu ya mwenzao wanasikia baridi, wakitawanyika hadi pembeni huku wanalia, joto limezidi. Taa ya joto iwe upande mmoja wa boksi, isiwe katikati.

Kanuni zinataka pia mbwa wote waangaliwe mwanzo na mwisho wa siku, na angalau kila baada ya saa nne mchana. Mwenye majike kadhaa anayetoka kazini saa 11 jioni lazima aeleze ni nani aliyekuwa akiwaangalia adhuhuri.

Jike anaruhusiwa kuzaa mara ngapi?

Asipandishwe kabla ya kutimiza miezi 12. Asizae zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12. Akishazaa mara sita, basi. Akishazaa kwa upasuaji mara mbili, basi pia, hata kama hiyo ndiyo mizao yake miwili tu. Hivi ni vikomo vya kisheria na wala si shabaha. Kwa majike wengi daktari atakushauri usimame mapema zaidi. The Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili mbwa wa ukoo, kwa kawaida haisajili watoto wa jike aliyekwisha kuzaa mara nne.

Lipo sharti jingine ambalo wazalishaji hulisoma harakaharaka: mbwa asitumiwe kuzalisha ikiwa kwa urithi wake, umbo lake au afya yake inatarajiwa kwamba uzazi utamdhuru yeye au watoto wake. Mbwa wa pua fupi kama French Bulldog wanaokoroma wakiwa macho, na wanaoanguka baada ya kutembea kidogo siku ya joto, wanaingia moja kwa moja hapa. Vilevile kupandisha mbwa wawili wenye rangi ya merle, ile ya mabakabaka, ambako kunaweza kuleta watoto viziwi na wengine vipofu. Kwa maoni yetu, sharti hili ndilo lenye uzito kuliko yote kwenye kanuni, na ndilo halmashauri zinaloogopa kulitumia, kwa sababu linahitaji daktari aliye tayari kulitetea mbele ya mahakama.

Ni kumbukumbu gani nizitunze, na kwa muda gani?

Miaka 3 tangu siku zilipoandikwa, kwa karatasi au kwa kompyuta, mradi zionekane mkaguzi anapozitaka. Kwa kila mbwa: jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya chipu na rejesta yake, aina, wazazi, tarehe za kupandishwa hata pasipotokea mimba, na matibabu. Kwa kila jike ongeza: umri wake kila alipozaa, idadi ya mara alizozaa, upasuaji, na watoto waliozaliwa pamoja na waliokufa. Kwa kila mtoto: jinsia, rangi, uzito, chipu, tarehe ya kuuzwa na jina la mnunuzi.

Uzito ndio unaopuuzwa, nao ndio unaookoa. Mzani wa jikoni wa gramu unatosha. Mpime kila mtoto saa ile ile kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Asiyeongezeka kwa siku nzima ameanza kuzidiwa kabla hujaona dalili nyingine. Akianza kupungua, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Usifiche vifo. Watoto wa mbwa hufa hata kwa wazalishaji hodari, na mkaguzi anajua hivyo. Daftari lisilo na kifo hata kimoja kwa miaka mitatu ndilo linalomtia shaka.

Nyota kwenye leseni zina maana gani?

Nyota 1 ni mwenye kasoro ndogondogo, hatari iwe kubwa au ndogo, nyota 5 ni aliyefikia viwango vya juu na hatari ndogo. Leseni hutolewa kwa mwaka 1, 2 au 3 kulingana na nyota. Unaweza kukata rufaa dhidi ya nyota ulizopewa au, baada ya kurekebisha, kuomba ukaguliwe upya kwa gharama yako.

Ugonjwa gani huwaangusha wazalishaji wengi?

Parvo. Mtoto anaharisha damu, anatapika, na kwa siku chache anaweza kufa, huku virusi vyake vikidumu kwenye sakafu na udongo kwa miezi. Dawa ya kuulia vijidudu haifanyi kazi juu ya kinyesi: osha kwanza kwa sabuni na maji, suuza, ndipo uweke dawa na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kamwe usimwage jiki juu ya mkojo, kwani hutoa hewa yenye sumu kwako na kwa mbwa. Anza kuhudumia watoto na mama zao, maliza na waliotengwa, na viatu vya chumba cha waliotengwa visitoke mlangoni.

Vipi kuhusu kliniki za uzazi wa mbwa zinazotangazwa mtandaoni?

Ziulize jambo moja: nani anatoa damu? Chini ya Sheria ya Madaktari wa Wanyama ya 1966, kumtoa mbwa damu ili kupima homoni ni kazi ya daktari wa wanyama au ya mtu anayesimamiwa naye kihalali. Kupandikiza mbegu kwa kupasua ni kosa. Ukimpeleka jike wako huko ukijua hivyo, nawe utaulizwa.

Na kukata masikio, kukata mkia, na XL Bully?

Kukata masikio ni kosa, hakuna kisingizio cha "imefanyika kiasili". Mkia unaweza kukatwa na daktari tu, kwa mbwa wa kazi maalumu, kabla mtoto hajazidi siku 5. Kuzalisha, kuuza au kugawa XL Bully, aina ya mbwa wakubwa iliyopigwa marufuku, ni kosa England na Wales tangu tarehe 31 Desemba 2023, na tangu tarehe 1 Februari 2024 kumiliki bila cheti cha msamaha ni kosa pia.

Kwa nini mnunuzi lazima amwone mama?

Kwa sababu ya namna biashara ilivyokuwa ikiendeshwa. Watoto walikuwa wakitolewa kwenye mabanda ya mbali, wakapelekwa kwa dalali, na mnunuzi akawaona sebuleni kwa mtu, wamefungwa utepe. Mama yao hakuna aliyemwona. Lucy alikuwa jike wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba moja la kuzalisha mbwa huko Wales, mwili wake umechakaa kwa kuzalishwa mfululizo. Sheria inayoitwa kwa jina lake ilianza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020: muuzaji wa kibiashara haruhusiwi kuuza mbwa au paka wa chini ya miezi 6 ambaye hakumzalisha mwenyewe.

Mwenye leseni ya kuzalisha haruhusiwi kuuza mtoto wa chini ya wiki 8, na lazima amwonyeshe mnunuzi mtoto akiwa na mama aliyemzaa. Tangazo lake liwe na namba ya leseni, jina la halmashauri iliyoitoa, picha inayomtambulisha mbwa, na umri wake. Mnunuzi: piga simu halmashauri uisome ile namba. Ni dakika tano. Ukikutana na mama asiyejali watoto, asiye na maziwa, au watoto wanaomwogopa, huenda ameazimwa kwa ajili ya maonyesho.

Cheti cha ukoo cha The Kennel Club si leseni. Huonyesha wazazi wa mbwa, hakionyeshi alivyolelewa.

Mkaguzi wa RSPCA akibisha mlangoni, nalazimika kumfungulia?

Hapana. RSPCA, iliyoanzishwa mwaka 1824, ni shirika la hisani la kulinda wanyama. Sare ya mkaguzi wake inafanana na ya afisa wa serikali, na watu wengi humfungulia wakidhani ni wajibu. Kisheria hana mamlaka ya kuingia kwako wala ya kuchukua mbwa kwa nguvu. Anaweza kukuomba, nawe unaweza kukubali au kukataa. Uskoti ni tofauti: huko wakaguzi wa Scottish SPCA, shirika la huko la kulinda wanyama, wanaweza kupewa mamlaka na serikali, na mashtaka hupelekwa na waendesha mashtaka wa serikali.

Ushauri wetu kwa mwenye mbwa: zungumza naye kwa heshima, muulize amepata taarifa gani, na kama mbwa wako wazima mwonyeshe. Kumfungia mlango mtu ambaye angeridhika kwa dakika kumi mara nyingi huleta polisi siku ya pili. Lakini kukataa si kosa, na mkaguzi anayedai kwamba ni kosa anapotosha.

Basi ni nani mwenye mamlaka?

Polisi, na mkaguzi aliyeteuliwa na halmashauri au serikali. Akiwa na sababu za msingi za kuamini kuna mnyama anayeteseka, au atakayeteseka hali isipobadilika, anaweza kuingia bila hati ya mahakama. Ila kifungu cha 19 cha Sheria ya 2006 kinazuia kuingia nyumba ya kuishi bila hati ya hakimu. Na sheria inahesabu bustani, gereji na banda la uani linalotumika pamoja na nyumba kuwa sehemu ya nyumba hiyo. Mabanda ya mbwa nyuma ya nyumba yako, kwa hiyo, si mahali pa kurukia uzio kiholela.

Ukaguzi wa leseni una kanuni yake. Mwenye leseni anaweza kutembelewa bila taarifa mahali pa biashara, lakini sehemu ambayo ni makazi inahitaji taarifa ya saa 24.

Mbwa wangu wamechukuliwa. Nini kinafuata?

Kwa kawaida daktari wa wanyama lazima athibitishe kwamba mbwa anateseka, au atateseka akiachwa. Mkaguzi au polisi anaweza kumchukua bila cheti hicho pale tu haraka ya jambo haimruhusu kumngoja daktari. Uthibitisho unapaswa kumhusu kila mbwa. Mbwa 14 wakichukuliwa, omba uonyeshwe daktari amesema nini juu ya kila mmoja wa hao 14. Hapa ndipo kazi ya haraka huharibika: daktari amechunguza watatu, wote wakapakiwa.

Siku hiyo hiyo fanya haya. Andika majina ya waliokuja, taasisi zao, saa waliyoingia na saa waliyotoka. Omba nakala ya hati na orodha ya vilivyochukuliwa. Piga picha za mabanda, vyakula na dawa kama zilivyo, kabla hujasafisha chochote. Mpigie daktari wako akuandalie historia ya matibabu, na umwombe wakili adai mbwa wachunguzwe na mtaalamu wa upande wako. Usimzuie mkaguzi kimwili hata ukiamini amekosea. Kumzuia anapotekeleza kifungu cha 18, kinachohusu kumwokoa mnyama anayeteseka, ni kosa peke yake, na makosa yake utayataja mahakamani.

Unaweza kuletewa karatasi ya kukubali kuwaachia mbwa moja kwa moja. Ukiisaini, umetoa umiliki. Kwa mtu aliyezidiwa kweli, huo unaweza kuwa uamuzi mwema, na mbwa hupata makazi mapya upesi badala ya kukaa mabandani miezi mingi wakisubiri kesi. Lakini asaini akiwa ameelewa, kwa lugha anayoielewa, bila kuambiwa "saini sasa au tunakushtaki". Mkaguzi mwadilifu humwachia mtu nafasi ya kupiga simu.

Usiposaini, mahakama ya mahakimu inaweza kuombwa iamue, kwa kifungu cha 20, kama mbwa watibiwe, warudishwe, wauzwe au wakabidhiwe wengine, bila kusubiri kesi ya jinai kwisha. Una haki ya kusikilizwa. Hudhuria. Gharama za matunzo huongezeka kila siku na mahakama inaweza kuamuru uzilipe.

Ushahidi wa ukatili hukusanywaje ili usitiliwe shaka?

Mbwa aliyekonda hupimwa uzito siku ya kwanza, akapewa chakula cha kawaida kwa kiasi kilichoandikwa, akapimwa tena kila baada ya siku chache. Akinenepa bila dawa, njaa ndiyo iliyokuwa tatizo. Asiponenepa, ugonjwa utafutwe kabla ya kumlaumu mtu. Damu na kinyesi vipimwe siku ya kwanza, kwani minyoo ikishatibiwa ushahidi umekwenda. Kila picha iwe na tarehe, na iwepo ya mbali inayoonyesha banda zima: picha ya bakuli tupu haisemi kitu ikiwa pipa la maji lilikuwa hatua moja pembeni.

Anayehojiwa kwa kosa lazima kwanza asomewe onyo la kwamba halazimiki kusema kitu. Wajibu huo unamgusa pia mkaguzi wa RSPCA anayechunguza kosa. Mahojiano ya hiari unaweza kuyaahirisha mpaka upate wakili na mkalimani. Usikubali mtoto wako akutafsirie.

Notisi ya kuboresha na karatasi ya onyo vina tofauti?

Kubwa. Notisi ya kuboresha ya kifungu cha 10 hutolewa na mkaguzi aliyeteuliwa kisheria. Lazima itaje kasoro, hatua za kuchukua na muda, na hadi muda huo uishe huwezi kushtakiwa kwa kasoro hiyo chini ya kifungu cha 9. Karatasi ya onyo ya shirika la hisani ni ushauri, haikupi kinga hiyo, ila kuipuuza kunaweza kutumika kama ushahidi kwamba ulijua. Zote mbili zitimize, na uhifadhi risiti.

Adhabu ni zipi?

Kuzalisha bila leseni: hadi miezi 6 jela, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Kuvunja sharti la leseni: faini. Kumtesa mnyama bila sababu, kwa kifungu cha 4: tangu tarehe 29 Juni 2021 kifungo cha juu ni miaka 5, kabla ya hapo kilikuwa miezi 6. Mahakama inaweza pia kumzuia mtu kumiliki wanyama.

RSPCA huendesha mashtaka mengi yenyewe kwa haki ile ile ya mashtaka binafsi aliyo nayo kila raia. Shirika moja kuchunguza, kukusanya michango ya umma na kushtaki limelalamikiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2016 kamati ya Bunge ilipendekeza iachie kazi hiyo, na mwaka 2021 RSPCA yenyewe ilisema inataka kuikabidhi kwa waendesha mashtaka wa serikali. Tunaunga mkono hatua hiyo, kwa sharti serikali iipe kazi hiyo watu na fedha. La sivyo kesi zitakosa wa kuzipeleka.

Leseni yangu imesimamishwa. Nifanyeje?

Kwa kawaida uamuzi huanza kutumika baada ya siku 7 za kazi, isipokuwa ustawi wa mbwa ukihitaji papo hapo. Tumia siku hizo kuandika utetezi wako pamoja na picha za marekebisho. Ukinyimwa au kufutiwa leseni, rufaa huenda kwenye Baraza la Rufaa la Ngazi ya Kwanza ndani ya siku 28. Malalamiko juu ya mwenendo wa mkaguzi ni njia nyingine kabisa: anza na halmashauri yenyewe, ukishindwa nenda kwa msuluhishi wa malalamiko dhidi ya serikali za mitaa. Usichanganye barua hizo mbili.

Nimenunua mtoto wa mbwa, ameumwa siku ya tatu.

Daktari kwanza, siku hiyo hiyo, na umwombe aandike kama ugonjwa ulikuwepo kabla ya mauzo. Kama muuzaji ni mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inakupa siku 30 za kumkataa mbwa na kudai fedha zako. Muuzaji binafsi anawajibika tu kwa aliyoyasema, kwa hiyo hifadhi tangazo na ujumbe wote. Madai hadi £10,000 hupelekwa mahakama ya madai madogo bila kulazimika kuwa na wakili. Kisha mjulishe halmashauri, maana nyuma ya huyo mmoja wapo ndugu zake na mama yao.

Naweza kuleta watoto wa mbwa kutoka Kenya au Tanzania niwauze?

Hesabu siku. Chanjo ya kichaa cha mbwa haitolewi kabla ya wiki 12. Damu hutolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na kiwango cha kinga kifikie angalau 0.5 IU/ml. Kisha husubiriwa miezi 3 tangu damu ilipotolewa, na dawa ya tegu hupewa kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Jumla ni karibu miezi 7, kwa hiyo mbwa wa miezi mitatu aliyetoka huko moja kwa moja hakuingia kihalali. Anayeletwa kuuzwa huhitaji pia hati ya afya ya kibiashara, na muuzaji lazima awe na leseni ya kuuza wanyama.

Nashuku jirani anaendesha shamba la kuzalisha mbwa. Nitoe taarifa wapi?

Suala la leseni lipeleke halmashauri. Mnyama anayeteseka sasa hivi: RSPCA, au polisi kama kuna hatari ya papo hapo. Andika unachokiona na kukisikia mwenyewe, pamoja na tarehe na saa: magari yanayopakia usiku, idadi ya mbwa wa aina tofauti, kilio kisichokoma, viungo vya matangazo yenye namba moja ya simu na majina tofauti. Usiingie uwanjani kwake kupiga picha, na usiwanunue watoto hao kwa huruma. Fedha hiyo inampandisha mama yao tena kipindi chake kijacho cha kupandwa.